Kwa Nini Santuri ya 1975 Inafika Mbeya Ikiwa Mpya

Mwenye duka anapotangaza kwamba mzigo mpya wa santuri umefika, boksi analolifungua huwa limechanganya bidhaa ambazo kwa macho ya haraka zinafanana kabisa. Humo mna albamu iliyorekodiwa mwaka jana. Mna albamu ya miaka ya 1970 iliyofyatuliwa upya, mna mkusanyiko wa nyimbo ambazo zamani zilitoka kwenye santuri ndogo, mna rekodi za redio ambazo hazikuwahi kuwa santuri hata siku moja, na mara nyingine mna nakala ya magendo, yaani iliyofyatuliwa bila ruhusa, iliyojichomeka katikati. Zote zimefungwa nailoni, zote zinanukia wino mpya wa jalada, na bei zake zinakaribiana. Mnunuzi aliyepanda daladala hadi Mwanjelwa, au aliyetuma hela kutoka Makambako na kusubiri kifurushi kwenye basi, anastahili kujua amenunua kipi kati ya hivyo, kwa sababu mwaka uliochapishwa kwenye jalada haumwambii.

Wingi wa matoleo haya una sababu ya kibiashara iliyo mbali na sisi. Mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza tangu 1987 ambapo santuri ziliuzwa kwa idadi kubwa kuliko CD nchini Marekani, takriban milioni 41 dhidi ya milioni 33. Soko hilo lina wakusanyaji wanaotaka kitu ambacho hawajakisikia, na kampuni ndogo za Ulaya na Marekani zimegundua kwamba Afrika ya miaka ya 1960 na 1970 imejaa vitu vya namna hiyo. Santuri hufyatuliwa kwa kuwalenga wanunuzi hao, kwa bei yao, ambayo kwa santuri kubwa moja, yaani LP, huwa kati ya euro 20 na 30 kabla ya nauli, ushuru na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18. Kinachopanda hadi Nyanda za Juu Kusini ni nakala moja moja zilizoagizwa na mtu anayejua anachokitafuta.

Mfano ulio karibu zaidi na Mbeya hautoki Dar es Salaam. Unatoka ng'ambo ya Tunduma. Katika miaka ya 1970 vijana wa miji ya migodi ya shaba ya Zambia walipiga roki yenye magitaa ya kukwaruza, wakaimba kwa Kiingereza na kwa lugha zao, na muziki huo leo unaitwa Zamrock. Serikali ya Kenneth Kaunda ilikuwa imeagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Kizambia, agizo lililowapa vijana hao nafasi ambayo wasingeipata kwa kushindana na santuri za Uingereza. Bendi iliyojulikana zaidi ilikuwa WITCH, ikiongozwa na mwimbaji Emmanuel Chanda, maarufu kama Jagari. Bei ya shaba ilipoporomoka uchumi ukayumba, soko la santuri likafa, na Jagari mwenyewe aliishia kwenye uchimbaji wa vito. Ni kampuni za nje, hasa Now-Again ya Marekani, zilizorudisha muziki huo sokoni: mwaka 2012 zilitoka santuri za WITCH zikiwa zimekusanywa kwenye boksi moja, na mwaka 2017 ukafuata mkusanyiko wa bendi mbalimbali wa Welcome to Zamrock. Bendi nayo ilifufuka, na mwaka 2023 ikatoa albamu mpya iitwayo Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Kwa hiyo kwenye rafu moja, chini ya jina moja, mteja anaweza kukuta Lazy Bones!! ya 1975 na Zango ya 2023, zote zikiwa hazijaguswa na sindano. Ya kwanza ni toleo la marudio na ya pili ni kazi mpya ya watu waliozeeka, wakisaidiwa na wanamuziki walio vijana zaidi yao. Anayezipanga pamoja bila maelezo anawaonea wote wawili, mteja na bendi.

Zambia inatupa pia mfano mzuri wa jinsi toleo la marudio linavyoweza kuwa kitu tofauti na santuri linayodai kuirudia. Albamu ya Africa ya bendi ya Amanaz, ya mwaka 1975, ilikuwa na michanganyiko miwili ya sauti: mmoja mkavu, ambamo ngoma na gitaa vimesimama mbele yako kama vile bendi imo chumbani, na mwingine uliojazwa mwangwi hadi sauti zinaelea. Now-Again ilipoitoa upya iliweka michanganyiko yote miwili. Msikilizaji aliyezoea mmoja akipewa mwingine atadhani ameuziwa bandia, kumbe vyote viwili ni vya mwaka uleule na vya wanamuziki walewale. Mimi naupenda ule mkavu, lakini hilo ni suala la masikio yangu.

Hapa ndipo swali la kwanza la kuuliza juu ya santuri yoyote ya marudio linapoanzia: sauti imetoka wapi? Njia kamili huanza na masta, yaani ukanda wa sumaku ulioandaliwa studioni wakati wa kurekodi. Ukanda huo husafishwa, hupigwa kwenye mashine iliyorekebishwa vizuri, na sauti yake huchongwa kwenye sahani laini iliyopakwa lakeri. Sahani hiyo hupakwa fedha, kisha nikeli, ili kuzaa muhuri wa chuma, na muhuri ndio unaobonyeza plastiki ya moto kuwa santuri. Kila hatua inaweza kuharibu iliyotangulia. Ukanda uliokaa miaka 40 kwenye chumba chenye unyevu hunata, unga wake wa sumaku hubanduka na kubaki kwenye mashine, na baadhi ya mikanda hulazimika kupashwa joto la nyuzi 50 na kitu kwa saa kadhaa ndipo ikubali kuchezwa angalau mara moja. Mashine ikizunguka kwa kasi iliyozidi kidogo ile ya siku ya kurekodi, wimbo mzima hupanda, mwimbaji akawa na sauti ya kitoto na solo likawa na haraka ambayo mpigaji hakuwa nayo. Zamu ya lakeri nayo ina udhaifu wake: Februari 2020 kiwanda cha Apollo Masters cha California, mojawapo ya viwili tu duniani vilivyotengeneza sahani hizo, kiliungua, kikabaki kimoja cha Japani, na hiyo ni sababu mojawapo ya santuri nyingi za miaka iliyofuata kutangazwa leo na kufika baada ya miezi mingi.

Masta ikiwa imepotea, na kwa muziki wetu mara nyingi imepotea, kampuni hutafuta nakala ya santuri ya zamani iliyo safi kuliko zote na kunakili sauti kutoka humo. Hakuna aibu katika hilo ilimradi iandikwe kwenye jalada. Anayetaka kubaini mwenyewe asikilize sekunde za mwanzo kabla ya ala ya kwanza kulia, hasa kwa spika za masikioni. Ukanda huwa na mvumo mwembamba na wa namna moja, kama "shhh" isiyobadilika, ilhali santuri iliyonakiliwa kutoka santuri nyingine huwa na mitatariko midogo inayorudi kila baada ya mzunguko mmoja. Wapo mafundi wanaoifuta mitatariko hiyo kwa programu za kompyuta kwa bidii kupita kiasi, wakafuta pamoja nayo mlio wa matoazi na pumzi ya mpiga saksafoni. Santuri ya namna hiyo ni kimya, ni safi, na haina uhai. Ningelipia zaidi ile yenye mikwaruzo.

Kwa muziki wa dansi wa Tanzania kuna tatizo jingine ambalo mkusanyaji wa Ulaya halioni mara moja, nalo ni la urefu wa nyimbo. Santuri ndogo ya inchi saba, inayozunguka mara 45 kwa dakika, hubeba dakika nne au tano kwa upande bila kupoteza nguvu ya sauti. Wimbo wa dansi kwa kawaida una sehemu ya maneno inayokwenda taratibu, halafu chemko, ambapo magitaa hujibizana na watu huacha kusikiliza na kuanza kucheza. Ukiupa nafasi yake wote, unafika dakika saba au nane. Viwanda vikaukata katikati: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, na msikilizaji akageuza sahani. Mara nyingi fundi alishusha sauti mwishoni mwa upande wa kwanza na kuipandisha tena mwanzoni mwa wa pili, kwa hiyo kuna sekunde kadhaa za wimbo zilizomo kwenye ukanda lakini hazimo kwenye sahani. Mkusanyiko uliotolewa kutoka kwenye masta unaweza kuunganisha pande mbili wimbo ukatiririka kama ulivyopigwa. Uliotolewa kutoka kwenye santuri ndogo hauna namna, utasikia sauti ikizama na kuibuka, na wakati mwingine chemko lote limeachwa ili nafasi itoshe wimbo mwingine. Katika duka, kabla ya kulipa, tazama muda ulioandikwa mbele ya kila wimbo. Wimbo wa dansi wa dakika tatu na nusu peke yake, usio na sehemu ya pili, unastahili swali.

Mambo huwa magumu zaidi tunapofika kwenye rekodi za Radio Tanzania Dar es Salaam, maarufu kama RTD. Kwa miaka mingi baada ya 1965 studio yake ndiyo iliyorekodi karibu kila bendi yenye jina nchini, lakini ilirekodi kwa ajili ya matangazo, na Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia santuri. Aliyetaka santuri alikwenda Nairobi, ama bendi nzima ikasafiri kurekodi huko, ama ukanda ukapelekwa. Mbaraka Mwinshehe, akiwa na Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alijulikana Afrika Mashariki nzima kwa njia hiyo. Kisha Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena hadi 1983. Miaka hiyo ndiyo ambayo DDC Mlimani Park, iliyoanzishwa 1978, na bendi shindani za Dar es Salaam zilitunga nyimbo ambazo leo watu wa Iringa na Mbeya wanaziimba neno kwa neno kwenye vipindi vya zilipendwa. Nyingi ya nyimbo hizo zilibaki kwenye mikanda ya redio, na kwa wananchi zilibaki kwenye kaseti zilizorekodiwa kutoka kwenye spika, sauti ya mtangazaji ikiwa imekatiza mwishoni.

Matokeo yake ni kwamba rekodi ya 1980 inayotoka leo ikiwa na jalada zuri na picha za bendi inaweza kuwa ndiyo mara ya kwanza kuuzwa kwa njia yoyote. Si marudio ya kitu chochote. Mfululizo wa Zanzibara wa kampuni ya Ufaransa Buda Musique ulifanya kazi kubwa katika eneo hili: juzuu ya tatu ni ya muziki wa dansi wa miaka ya 1960, na ya tano inahusu Dar es Salaam kati ya 1978 na 1983, karibu sawasawa na miaka ya mpaka kufungwa. Hizo zilitoka kwa CD, na mteja anayeulizia santuri yake ya asili anaulizia kitu ambacho kwa sehemu kubwa hakikuwahi kuwapo. Anayemwambia kwamba anayo moja ghalani, ila ni ghali, ahojiwe vizuri.

Swali la pili ni la mwenye mali, na hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Katika wimbo mmoja uliorekodiwa mna haki mbili ambazo hazina mwenyewe mmoja. Ipo haki ya utunzi, yaani maneno na melodi ya wimbo, ambayo ni ya mtunzi na baada yake warithi wake. Ipo pia haki ya rekodi yenyewe, ambayo kwa kawaida ni ya aliyegharamia studio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Namba 7 ya 1999, iliyoanzisha Chama cha Hakimiliki Tanzania, COSOTA, iliweka ulinzi wa utunzi kwa uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, Salum Abdallah wa Cuban Marimba, aliyefariki 1965, haki zake za utunzi zilifikia ukomo mwishoni mwa 2015, na za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari Mombasa Januari 1979, zinakwenda hadi mwisho wa 2029. Hesabu ni rahisi. Kinachokwama ni kumpata mtu wa kutia saini.

Chukua mpiga gitaa wa bendi ya shirika. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Mlimani Park ilikuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, yaani DDC, na majeshi nayo yalikuwa na bendi zake. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, vyombo vilikuwa vya shirika, studio ilikuwa ya serikali, na ukanda ulibaki redioni. Akihama bendi, nyimbo zake ziliendelea kupigwa na waliobaki, na mara nyingine alizirekodi upya kwa jina la bendi mpya. Kampuni ya nje inayotaka kuutoa wimbo huo kihalali inabidi izungumze na familia ya mtunzi, na shirika la utangazaji linaloshika mikanda, na pengine na warithi wa shirika lililokuwa na bendi. Kama wimbo ulitoka kwa Polydor ya Nairobi, inabidi ijue kwamba Polygram, iliyokuwa ikimiliki jina hilo, ilinunuliwa 1998 na kumezwa na Universal. Barua moja inaweza kuzunguka ofisi nne na kurudi bila jibu, na kampuni yenye haraka huishia kumlipa yule mmoja iliyempata, kwa nia njema kabisa, huku wengine wakisikia wimbo wao kwenye simu ya mjukuu.

Ulaya ina mlango mwingine. Huko rekodi zinalindwa kwa miaka 70, lakini kanuni hiyo ilianza kutumika 2013 na haikufufua haki zilizokwisha kufa kwa kipimo cha zamani cha miaka 50, kwa hiyo rekodi zilizotolewa 1962 au kabla yake ziko huru kwa upande wa haki ya rekodi. Ndiyo maana utaona mikusanyiko ya bei nafuu ya muziki wa miaka ya 1950, Afrika Mashariki ikiwamo, isiyomtaja aliyetoa ruhusa. Si lazima iwe ya magendo. Ila kwa maoni yangu kampuni inayouza wimbo wa mtu bila hata kuandika jina la mtunzi kwa usahihi haiwezi kujificha nyuma ya tarehe.

Nakala ya magendo hasa ina dalili zake, na nyingi zinaonekana bila kupiga sahani. Itoe santuri kwenye jalada uishike kwa kingo, uielekeze kwenye mwanga wa dirisha, na utazame ule ukanda laini kati ya mfereji wa mwisho na lebo. Hapo kiwanda huchonga herufi na namba za kutambulisha muhuri, wakati mwingine pamoja na alama ya fundi aliyechonga lakeri. Namba hizo zilingane na za kwenye jalada, au angalau zifanane nazo. Jalada la magendo mara nyingi ni picha iliyopigwa kutoka jalada la zamani, hivyo mikunjo ya karatasi ya nakala ile imechapishwa kama sehemu ya mchoro, na maandishi madogo ya nyuma yana ukungu. Halina anwani, wala jina la aliyetoa idhini. Kinyume chake, kuandikwa kwamba santuri ya muziki wa Tanzania imefyatuliwa Jamhuri ya Czech si dosari, kwa kuwa GZ Media ya huko ndiyo mfyatuaji mkubwa kuliko wote duniani. Na ile stika ya gramu 180 isikupandishe bei kichwani: uzito huifanya sahani isipinde kirahisi, jambo lenye maana kwa mzigo uliolala saa nyingi kwenye buti la basi, lakini hauongezi chochote kwenye sauti ikiwa masta ni mbovu.

Albamu mpya za Kitanzania hazihitaji maelezo marefu, maana nyingi hazifiki dukani kabisa. Zinatoka mtandaoni, na kwenye vibanda vya stendi zinaingizwa kwenye fleshi na memori kadi. Santuri ya muziki mpya wa Dar es Salaam inapopatikana, aghalabu imetolewa na kampuni ya nje, kama Nyege Nyege Tapes ya Kampala, iliyokusanya singeli ya studio ya Sisso mwaka 2017.

Kilichobaki ni muziki wa Nyanda za Juu Kusini wenyewe, ambao umo kwenye mikanda kuliko watu wanavyodhani. Hugh Tracey, aliyeanzisha maktaba ya muziki wa Afrika ambayo sasa ipo Chuo Kikuu cha Rhodes nchini Afrika Kusini, alirekodi Tanganyika mwaka 1950, na ligombo la Wahehe ni miongoni mwa ala alizozinasa. Kampuni ya Uholanzi SWP Records ilizitoa upya rekodi zake za Tanganyika kwa CD. Hapo haki ya rekodi ina mwenyewe anayejulikana, ilhali wimbo wa jadi hauna mtunzi mmoja wa kumlipa, na sheria ya 1999 iliuwekea urithi wa namna hiyo sehemu yake ya pekee. RTD nayo ilirekodi ngoma za mikoa mbalimbali. Sijaona ngoma ya Wanyakyusa, Wabena au Wakinga kutoka kwenye mikanda hiyo ikifika katika boksi lolote la mzigo mpya, na sababu ni ya hesabu zaidi ya dharau. Viwanda vingi havipendi oda iliyo chini ya nakala 300. Wakusanyaji wa nje wanalipia gitaa la umeme kabla ya ngoma, na wanaoyaelewa maneno ya nyimbo hizo wanaishi Tukuyu, Njombe na Makete, ambako mwenye mashine ya kupigia santuri ni wa kutafuta. Kwa watu hao toleo la maana lingekuwa faili safi zilizonakiliwa kutoka kwenye ukanda wenyewe, zikiwa na jina la kijiji, la kiongozi wa ngoma na mwaka, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kufyatua hata mia moja.